Kikopey si nyama choma pekee

ABIRIA anayetoka Nairobi kuelekea Nakuru huhitaji pua tu kutambua kwamba amefika Kikopey. Mara gari linapoupita mji wa Gilgil, moshi wa makaa uliochanganyika na harufu ya mafuta ya mbuzi huingia madirishani, na vijana waliovalia makoti meupe hujitokeza kando ya lami wakiwapungia madereva mikono waegeshe.

Kwa wengi, habari ya Kikopey huanzia na kukomea hapo. Mteja hununua kilo moja au mbili, hunawa mikono, hula, hulipa, kisha huendelea na safari ya Kisumu, Eldoret au Malaba pasipo kugeuza shingo kutazama upande wa kushoto wa barabara, ambako Ziwa Elmenteita limelala likimeta chini ya vilima vya volkeno.

Ni hasara kubwa. Katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa siku moja, mna ziwa lililo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, mashoka ya mawe yaliyochongwa kabla binadamu wa leo hajakuwapo, chemchemi za maji moto, kaburi la mlowezi aliyewahi kufukuzwa nchini kwa kuua, na historia ya nyani waliowafunza wasomi wa dunia mambo mapya kuhusu tabia ya wanyama. Aidha, haya yote yamo katika kipindi cha mabadiliko. Barabara iliyoizaa Kikopey ya leo imeanza kupanuliwa, na maji ya maziwa ya Bonde la Ufa hayatabiriki tena kama zamani.

Kikopey imo katika eneo la Gilgil, Kaunti ya Nakuru, kilomita 30 hivi kabla ya kufika jijini Nakuru na zaidi ya kilomita 120 kutoka Nairobi. Umbali huo ndio siri ya kwanza ya biashara yake. Dereva wa lori aliyetoka Nairobi alfajiri huwa ameanza kuhisi njaa anapofika hapa, na familia inayorejea mjini kutoka magharibi mwa nchi huwa na watoto waliochoka kuketi. Barabara yenyewe ni sehemu ya njia kuu inayounganisha bandari ya Mombasa na nchi za Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Hivyo basi, mezani Kikopey si ajabu kusikia Kiswahili cha Kampala kikijibizana na cha Mombasa.

Siri ya pili ni mifugo. Kaunti za wafugaji haziko mbali, na mbuzi huwasili wakiwa hai. Huchinjwa, hukaguliwa, nyama hupigwa muhuri, kisha hutundikwa kwenye ndoana nyuma ya kioo ili mteja aichague mwenyewe: mbavu, mguu wa nyuma, au sehemu ya mgongo. Hupimwa kwenye mizani ikiwa mbichi, na bei ni ya uzani huo. Mgeni asiyejua jambo hili hushangaa kuona kilo mbili alizolipia zikiwa zimenywea zinapotoka motoni. Hakuna aliyemlaghai; ni maji na mafuta yaliyokwenda na moshi.

Uchomaji hauna haraka. Nyama huwekwa juu ya wavu, mbali kidogo na makaa, ikageuzwa mara kwa mara na kutiwa chumvi tu. Wachomaji wenye uzoefu hawapendi viungo, kwa hoja kwamba nyama nzuri haihitaji kusaidiwa. Ikishaiva hukatwakatwa kwenye ubao mbele ya mteja na kuliwa kwa ugali, kachumbari na pilipili. Pembeni huwapo supu na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu ambao wengine huufuata kuliko hata mbavu. Wateja wa siku nyingi hupiga simu wakiwa bado Naivasha ili wakifika wakute chakula ki tayari.

Jina lenyewe lina asili ya Kimaasai. Wazungu waliandika ‘Kekopey’, na hufasiriwa kuwa ni mahali ambapo kijani hugeuka kuwa cheupe. Anayetazama kutoka barabarani wakati wa kiangazi haoni ugumu kuielewa tafsiri hiyo: nyasi za malisho huteremka hadi kwenye ufuo uliofunikwa na magadi meupe. Elmenteita nalo huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye kuhusiana na vumbi, na baadhi ya watu husema vivyo hivyo kuhusu Nakuru. Wamaasai walijua walikokuwa wakilisha.

Vumbi hilo lina sababu. Kikopey imo kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo bara la Afrika limo katika kupasuka polepole mno, milimita chache kila mwaka. Upande wa mashariki ardhi hupanda kwa ngazi kuelekea Bahati na safu za Nyandarua. Upande wa magharibi husimama ukuta wa Mau. Mvua nyingi huangukia kwenye kuta hizo za juu, na bonde hubakiwa na mabaki. Kusini huonekana mlima Eburru, volkeno ambayo bado hutoa mvuke. Wakazi wa huko kwa miaka mingi wameutega mvuke huo kwenye mabomba ili upoe na kuwa maji ya kunywa, na kampuni ya KenGen ina mtambo mdogo wa umeme wa joto la ardhini papo hapo.

Kwamba ardhi hii haijatulia, wazee wa Nakuru walisimuliwa na wazazi wao. Mnamo Januari 6, 1928, tetemeko kubwa lilitokea upande wa Subukia, kaskazini mashariki mwa Nakuru, na kuacha ufa ardhini. Hadi leo limo miongoni mwa matetemeko makubwa zaidi kuwahi kurekodiwa nchini Kenya.

Ziwa Elmenteita liko mita 1,776 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya Ziwa Naivasha lililo juu zaidi na Ziwa Nakuru lililo chini kidogo. Hulishwa na mito mitatu midogo, Mereroni, Mbaruk na Kariandusi, pamoja na chemchemi za maji moto zilizo upande wa kusini. Halina mto unaotoka. Maji huingia, hukaushwa na jua, na chumvichumvi zilizomo hubaki. Baada ya maelfu ya miaka, matokeo yake ni maji ya magadi yasiyonyweka, tena machache: kwa kawaida kina chake hakizidi sana mita moja, na mtu mzima angeweza kulivuka sehemu kubwa kwa miguu endapo tope lingemruhusu.

Si kwamba limekuwa hivyo daima. Yapata miaka 10,000 iliyopita, wakati mvua zilipokuwa nyingi zaidi Afrika Mashariki, Elmenteita na Nakuru zilikuwa ziwa moja refu la maji baridi, lenye kina cha zaidi ya mita mia moja mahali ambapo leo ng’ombe hulisha. Na kabla ya hapo, mamia ya maelfu ya miaka nyuma, maziwa mengine yalikuja yakaenda. Ushahidi wa hayo uko upande wa kulia wa barabara, kwenye machimbo ya Kariandusi, ambako udongo mweupe pe, mwepesi kama unga, umelundikana kwa matabaka. Huitwa diatomaiti. Ni mabaki ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho iliyoishi majini na kujijengea magamba ya kioo. Ilipokufa ilizama chini, mwaka baada ya mwaka, hadi ikawa mwamba. Viwanda huutumia udongo huo kuchujia vinywaji na kutengenezea rangi na dawa za kuua wadudu. Yamkini hata hiyo rangi nyeupe ilichangia jina la Kikopey.

Kando ya machimbo hayo ndipo penye hazina kubwa zaidi ya eneo hili, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopata wageni wachache zaidi wakilinganishwa na wala nyama. Mwaka wa 1928, mtafiti Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete na kukulia miongoni mwa Wakikuyu, aligundua mashoka ya mkono ya mawe kwenye kingo za mto Kariandusi. Alirejea kuchimba kati ya mwaka wa 1929 na 1931. Palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika Mashariki ambapo vifaa vya aina hiyo vilipatikana vikiwa bado kwenye tabaka la udongo vilimoangukia, badala ya kuokotwa juu ya ardhi bila kujulikana umri.

Wataalamu hukadiria kuwa vifaa vya Kariandusi vina umri wa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Waliovichonga hawakuwa watu kama sisi bali jamii ya kale ya binadamu iliyotutangulia. Walitumia mawe ya volkeno ya kawaida, na pia lile jiwe jeusi linalong’aa kama chupa, liitwalo obsidiani, ambalo hupatikana kwa wingi upande wa Eburru. Likivunjwa kwa ustadi, makali yake hushinda kisu cha chuma.

Mashoka hayo yalifanya kazi gani? Mengi, bila shaka, lakini mojawapo ya yale ambayo wachunguzi wameyathibitisha kwa vifaa vya namna hiyo ni kuchuna ngozi na kukata nyama. Kwa hiyo, ukataji nyama ulianza karibu na Kikopey mamia ya maelfu ya miaka kabla ya duka la kwanza kutundika mbuzi kwenye ndoana. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya hulisimamia eneo hilo. Mashoka mengi yameachwa yalipolala, chini ya paa, na mgeni huongozwa kuyatazama kwa ada nafuu.

Historia ya karibu zaidi haina utulivu wa mawe. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, malisho kati ya Naivasha na Nakuru yalikuwa ya Wamaasai. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, serikali ya kikoloni ilianza kutafuta walowezi wa kuifanya ilipe gharama. Mwaka wa 1904 ulitiwa saini mkataba uliowaondoa Wamaasai kwenye sakafu ya Bonde la Ufa na kuwagawanya kati ya Laikipia na hifadhi ya kusini. Waliahidiwa kwamba makubaliano hayo yangedumu kadiri jamii yao itakavyokuwapo. Yalidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 mkataba wa pili uliwaamuru walioko Laikipia nao wahame.

Walioingia Elmenteita walikuwa watu wa ukoo mmoja, kwa namna fulani. Lord Delamere wa tatu alichukua ranchi ya Soysambu upande wa magharibi wa ziwa. Mkewe alikuwa Florence Cole, na ndugu yake Florence, Galbraith Cole, ndiye aliyeimiliki ranchi ya Kekopey. Mwaka wa 1911 Galbraith Cole alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kuiba kondoo wake. Baraza la wazee wa mahakama, lililokuwa la walowezi wenzake, lilimwachilia huru. Hata hivyo, kelele zilifika London na akaamriwa kuondoka nchini. Miaka michache baadaye alirudi na kuruhusiwa kubaki. Alifariki mwaka wa 1929 na kuzikwa kwenye ardhi ya Kekopey, mahali panapolitazama ziwa. Aliyeuawa hakujengewa mnara wowote.

Mjane wake, Lady Eleanor Cole, aliishi hapo kwa miaka mingi baadaye, na kanisa dogo la mawe alilolijenga bado limo katika eneo hilo.

Ni kwenye ranchi hiyo ya Kekopey ambapo, miaka ya 1970, jina la kijiji hiki liliingia katika majarida ya sayansi duniani. Mwaka wa 1972 mtafiti kijana kutoka Marekani, Shirley Strum, aliwasili kuchunguza kundi la nyani ambalo watafiti walikuwa wamelibatiza jina linalotokana na nyumba ya pampu ya maji. Wakati huo wasomi wengi waliamini kuwa jamii ya nyani ni utawala wa mabavu: dume mwenye nguvu huamuru, wengine hutii. Strum aliketi, akatazama, akaona mambo tofauti. Majike ndio waliokuwa nguzo ya kundi, na dume mgeni aliyetaka kukubalika alilazimika kujenga urafiki nao polepole kabla ya kupata lolote. Urafiki ulishinda meno.

Jambo la pili lililowashangaza watafiti wa Kekopey lilikuwa hamu ya nyama. Nyani hao waliwinda sungura na watoto wa swala kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana kwa nyani wengine, na tabia hiyo ilienea kutoka kwa madume hadi kwa majike na watoto. Msomaji ataona kuwa kuna kitu kuhusu Kikopey na nyama.

Kisha ranchi ikauzwa. Kufikia mapema miaka ya 1980, wakulima waliojiunga katika chama cha ushirika walikuwa wakigawana mashamba na kujenga nyumba. Wengi walitoka sehemu zenye rutuba na msongamano wa watu, wakapanda mahindi kama walivyozoea. Mvua haikuwazoea. Kidogo kilichoota kiliwindwa na nyani, ambao hawakuwa wameambiwa kwamba ardhi imebadilisha mwenyewe. Kundi moja lililobobea katika uvamizi wa mashamba lilipewa na watafiti jina la Kiswahili: Wabaya. Mwaka wa 1984, ili kuepusha mauaji, nyani hao walinaswa na kuhamishiwa Laikipia. Ilikuwa mojawapo ya nyakati za kwanza nyani wa mwituni kuhamishwa kwa namna hiyo na kufuatiliwa baadaye, na uchunguzi wao uliendelea huko kwa miongo kadhaa. Kwa kejeli ya historia, walifuata njia ileile waliyoelekezwa Wamaasai mwaka wa 1904.

Wakulima walibaki na ardhi kavu na barabara. Barabara ndiyo iliyozaa. Mtu asiyeweza kutegemea mahindi angeweza kutegemea njaa ya wapita njia, na kibanda kimoja kikavuta kingine hadi pakawa na mtaa mzima wa mikahawa. Leo biashara hiyo hulisha zaidi ya wachomaji. Wamo wanaoleta mbuzi, wauzaji wa makaa na kuni, wakulima wa nyanya na vitunguu, waosha magari, wenye vyumba vya kulala wageni, na akina mama wanaouza matunda na viazi kwa abiria wa matatu.

Upande wa pili wa uzio, ziwa lina maisha yake. Elmenteita liliingizwa kwenye orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka wa 2005. Serikali ililitangaza kuwa hifadhi ya wanyamapori mwaka wa 2010, na mwaka wa 2011 shirika la UNESCO liliyaweka maziwa matatu ya Nakuru, Bogoria na Elmenteita kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu kubwa ya ufuo hupakana na hifadhi ya Soysambu, ambayo ilianzishwa mwaka wa 2007 kwenye ardhi ya ukoo wa Delamere na ambamo huishi twiga aina ya Rothschild, pundamilia, nyati na swala wa kila namna.

Kinachowavuta wageni kwanza ni heroe, ndege wenye rangi ya waridi ambao huja kula mwani mdogo unaostawi kwenye maji ya magadi. Hawana makazi ya kudumu. Huruka usiku kutoka ziwa moja hadi jingine kufuata chakula, leo Elmenteita, kesho Bogoria. Heroe wadogo hawazaliani hapa bali huenda hadi Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Mgeni anayefika siku ambayo hawapo hana wa kumlaumu.

Hata hivyo, ndege ambaye Elmenteita haina budi kumlinda kuliko wote ni mwari mweupe, yule mwenye mfuko chini ya mdomo. Visiwa vidogo vya mawe vilivyo ziwani humu ni kituo muhimu mno cha kuzalia kwa mwari katika Bonde la Ufa, na katika misimu mizuri maelfu ya jozi hutaga hapo. La kustaajabisha ni kwamba chakula chao hakiko hapo. Mapema miaka ya 1960, samaki wadogo aina ya tilapia kutoka Ziwa Magadi waliwekwa katika Ziwa Nakuru, hasa kwa nia ya kupunguza mbu. Mbu hawakwisha, lakini mwari waligundua karamu. Tangu hapo hulala na kulea Elmenteita, kisha asubuhi hewa inapopata joto hupaa kwa kuzunguka, huvuka vilima, huvua samaki Nakuru na kurudi na mifuko iliyojaa.

Mpango huo hutegemea kipimo kimoja tu: urefu wa maji. Maji yakipungua sana, visiwa huungana na nchi kavu na fisi na mbweha huyafikia mayai kwa miguu. Maji yakipanda sana, mawe ya kutagia huzama. Kati ya hali hizo mbili nafasi ni finyu, kwani ziwa lote ni la kina kifupi.

Tangu mwaka wa 2010 maziwa ya Bonde la Ufa, kuanzia Baringo hadi Naivasha, yamefurika na kumeza makazi, barabara na hata lango la zamani la Mbuga ya Nakuru. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024, uliotumia picha za setilaiti za maziwa 22 ya Afrika Mashariki, ulionyesha kuwa maji yanayoongezeka huyazimua magadi na hivyo kupunguza mwani unaoliwa na heroe wadogo. Yaani janga la ndege hawa linaweza kuja kwa mvua kama linavyoweza kuja kwa ukame. Wakati huohuo, maji ya mito hiyo mitatu hutegemewa pia na wakulima walio juu ya ziwa, na hakuna aliye tayari kumwambia mkulima wa Mbaruk aache mboga zikauke ili mwari wapate kisiwa.

Barabara nayo ina mashaka yake. Mkataba wa awali wa kuipanua njia ya Rironi hadi Mau Summit, uliotiwa saini mwaka wa 2020 na muungano wa kampuni za Ufaransa, haukutekelezwa. Mradi ukakabidhiwa wawekezaji wengine, na Rais William Ruto akauzindua ujenzi mwezi Novemba 2025. Itakapokamilika, madereva watalipa ada kulingana na umbali.

Faida ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kukwama kwenye msongamano wa siku ya Krismasi kati ya Naivasha na Gilgil, ambapo saa tatu huweza kupita bila gari kusogea kilomita kumi. Lakini Kikopey imejengwa juu ya urahisi wa kusimama. Dereva huona moshi, hupunguza mwendo, huegesha. Barabara ya magari ya kasi yenye kizuizi katikati humtaka aamue mapema, atafute njia ya kutokea, kisha arudi upya. Wale wanaotoka Nakuru watahitaji pia namna ya kuvuka. Mahali zitakapowekwa njia hizo za kutokea ndipo patakapoamua mkahawa upi uishi na upi ufunge.

Wafanyabiashara hawahitaji mtabiri kuwaeleza hatari hiyo. Treni ya abiria ya kisasa ilipoanza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, miji iliyozoea kuwalisha abiria wa mabasi kama vile Mtito Andei ilipoteza wateja wengi. Na Machi 2021, serikali ilipozifunga kaunti tano, Nakuru ikiwemo, ili kudhibiti Covid-19, safari za kwenda magharibi mwa nchi zilikatika na mikahawa ya kando ya barabara hii ikabaki ikiwategemea madereva wa malori ya mizigo.

Hapo ndipo ziwa na mashoka ya mawe yanapoingia katika hesabu ya mwenye mkahawa. Mteja anayesimama kwa sababu tu moshi umempata barabarani anaweza kupotea siku lami itakapohamishwa mita mia mbili. Anayekuja makusudi kutazama mwari, kulala usiku mmoja na kula kabla ya kuondoka, atatafuta njia ya kutokea hata ikiwa mbali. Kufikia sasa pande hizo mbili hazijazoeana. Ni nadra kukuta mkahawa wenye kibao kinachomwelekeza mteja Kariandusi, ingawa ni mwendo mfupi tu kwa gari, na wageni wa hoteli za kifahari za ufuoni hupita na magari yao vioo vikiwa vimefungwa.

Anayetaka kujionea hana haja ya mipango mikubwa. Matatu za Nairobi kwenda Nakuru hushusha abiria Kikopey kwa ombi tu. Ziwa hupendeza zaidi asubuhi na mapema, kabla upepo haujachafua maji, na jioni jua linapozama nyuma ya kilima ambacho wenyeji hukifananisha na morani aliyelala chali. Ukikitazama vizuri utaona paji la uso, pua na kidevu. Anayekwenda kwenye chemchemi za maji moto za kusini aulize wenyeji kwanza kuhusu njia na mahali palipo salama kuingiza miguu. Wapo wanaosafiri kutoka mbali wakiamini kuwa maji hayo hutibu maradhi ya ngozi na viungo. Kariandusi humalizwa kwa saa moja na nusu hivi, machimbo yakiwemo. Soysambu huhitaji nusu siku na gari.

Nyama iagizwe kabla ya kwenda Kariandusi, wala si baada ya kurudi. Muda wa kuyatazama mashoka hayo na kusikiliza maelezo ya mwelekezi unatosha mguu wa mbuzi kuiva vizuri, na siku za Jumapili mbavu huwa zimekwisha kabla ya saa tisa.